Bado Nakianika

Shaame kaniletea kisu kutoka Maskati,
kimefungwa karatasi laini kama kikombe cha kauri.
Kinajikunja. Kizito kuliko simu,
chepesi kuliko deni.
"Ami, kile kigutu chako sasa kitupe."

Sikumjibu. Mwaka wa thelathini na moja huu
napokea karafuu kituoni, hapa Wete:
nachota gao, nanusa, navunja kikonyo,
namtazama usoni aliyezianua mbichi jamvini
akaziita kavu.
Sisifu kitu kwa kuambiwa. Wala situpi.

Basi nikakipima.

Kwanza kwa sikio.
Kukifungua: ta.
Kukifunga: ta pia, ila ya chini,
kama mlango wa nyumba yenye watu waliolala.
Nikautikisa ubapa karibu na shavu,
kama mtu achaguaye nazi.
Nazi ikinyamaza ina kasoro;
kisu kikinyamaza ni kizima.

Kisha makali juu ya ukucha wa dole gumba,
bila kukandamiza.
Kigutu changu hapo huteleza
kama mtu aliyeitwa ushahidi.
Hiki kilikaa palepale.

Chungwa lilivuka ganda kwa utepe mmoja
mpaka gotini; Rukia, mjukuu wangu,
akauzungusha mkononi, bangili.

Nikakipaka ndimu, nikakilaza dirishani
upande unaoleta chumvi.
Asubuhi: doa moja la rangi ya chai,
karibu na bawaba.
Ahaa. Nikaliandika nyuma ya stakabadhi.

Na kile kishikizo cha kubania mfukoni,
aliyekibuni hajapata kuvaa kanzu.
Ijumaa kilinipasua mfuko, safu ya pili,
sarafu zikabingirika hadi kwenye nyayo za Imamu,
naye akatulia, akazisubiri
zimalize kusema.

Wasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Mke wangu Mkasi alikigeuza mara mbili,
akanirudishia.
"Na nyama iko wapi?"

Siku ya tano, gunia la Time binti Faki,
mshono umekazwa kwa uzi wa nailoni
kama siri ya ukoo.
Nikasukuma kwa nguvu zangu zote za kila siku.
Kisu kikapita uzi,
kikapita gunia,
kikanifikia.

Damu juu ya karafuu haionekani sana,
rangi zao ni jamaa.
Time akachungulia mizani:
"Na hiyo nayo wanipimia kilo?"
Akachana pindo la leso yake, akanifunga kiganja,
akakaza fundo kuliko nilivyostahili.
"Kipya kinyemi, ingawa kidonda,"
akasema, kwa sauti ya mtu
anayetaja bei.

Nilikaa kando, mkono juu,
wapokezi wengine wakijifanya hawakuona.
Kisu hakikukosea.
Hizo nguvu ndizo nilizompa kigutu miaka yote,
nikimsukuma, nikimbembeleza, nikimsaidia kazi yake,
hata nikadhani kukata
ni jambo la bega.
Mimi, ninayemjua mwongo kwa kikonyo kimoja,
nilikuwa nimezoea ubutu
na kuuita ustadi.

Jioni Shaame akapiga simu.
"Vipi, ami? Kisu?"

Nilikuwa na hukumu tayari, daraja la pili:
doa la chai, kile kishikizo,
tundu la kufungulia linalotaka gumba la kijana.
Ulimi ukakataa.
Karafuu haipewi daraja siku ya kwanza juani.
"Bado nakianika," nikamwambia.
Akacheka, akadhani nimezeeka.

Sasa mfuko wa kulia yumo kigutu,
wa kushoto yumo mgeni.
Huo wa kushoto Mkasi ameushona upya
kwa uzi mweusi, taa imezimika, chini ya mwezi.
Nikamnyooshea visu vyote viwili, achague.
Hata hakuvitazama.
Uzi aliukata kwa meno.